Premio 1.8 inazubaa nikikanyaga mafuta ghafla, nikikanyaga taratibu haina shida. Mafundi watatu chali

baba_wawili (Jumapili, saa 2 usiku)

Wakuu habari za jioni. Nina Premio 1.8 ya 2003, injini 1ZZ, giaboksi oto, dashibodi inasoma kilomita 168,000 (namba za magari ya Japani tunazijua wenyewe, ila ndo hizo). Tatizo liko hivi, ukikanyaga mafuta taratibu gari inapanda vizuri tu mpaka 100 na kuendelea, sailensa (injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta) imetulia, asubuhi inawaka kwa kugusa. Ila ukikanyaga ghafla, mfano unataka kuingia barabara kubwa au kuovateki, inazubaa kama sekunde moja hivi, inakuwa kama inataka kuzima, kuna mlio "puh" unasikika huko mbele kwenye ea klina, alafu ndo inashtuka na kuondoka. Juzi natoka Kwa Msuguri naingia Morogoro Road, nimeona upenyo nikakanyaga, gari ikasimama kama imesahau kitu nyumbani. Kosta ikanipigia honi mpaka abiria wakachungulia dirishani kuona ni nani. Mama watoto tangu siku hiyo anapanda bajaji.

Nilichofanya mpaka sasa: plagi nne mpya, nozeli zimeoshwa, ea klina mpya, koili (ya kutoa cheche kwenye plagi) moja nimebadili maana fundi wa kwanza alisema imechoka. Fundi wa pili akasema ni pampu ya mafuta, nikanunua pampu, ikawa ile ile. Wa tatu kaniambia oksijeni sensa, laki na nusu, hapo ndo nikasema ngoja kwanza niulize wanaojua. Taa ya injini haijawahi kuwaka na wakipima kwa mashine hakuna kodi (namba ya hitilafu) hata moja.

Msaada wenu, hasa aliyewahi kukutana nayo.

mti_mkavu

Mafuta hayo mkuu. Badili sheli.

baba_wawili

Nimejaza sheli tatu tofauti, moja ya Kibaha, mbili za hapa mjini. Hakuna kilichobadilika.

mti_mkavu

Basi uza, nunua IST 😂

kibajaji_og

Enzi za kuchakachua na mafuta ya taa ningekubaliana na mti mkavu, siku hizi mafuta yana vinasaba (alama za kugundua yaliyochakachuliwa) tangu 2010, si kwamba uhuni umeisha ila mafuta mabaya hayachagui ukanyagaji, gari ingekuwa inasumbua muda wote. Mi naona koili. Umebadili moja, zile tatu nyingine ni za mwaka gani? Koili ikichoka inakuwa nzima kwenye sailensa, ukiipa mzigo wa ghafla cheche inashindwa kuruka maana mgandamizo ndani ya silinda unakuwa mkubwa. Alafu kuna kitu watu hawakijui, silinda isipowaka ile hewa yake inatoka na oksijeni yake yote mpaka kwenye ekzosi, sensa inaiona oksijeni inasema mafuta hayatoshi, fundi anaanza kutafuta mafuta wakati tatizo ni umeme. Nimeshaona mtu kabadili pampu mbili kwa ajili ya koili moja.

spana_kumi

Pole kaka. Hiyo laki na nusu kaa nayo kwanza, nisome mpaka mwisho, naandika ndefu maana kesi za hivi zinanikera, mtu anauziwa gari zima kipande kwa kipande.

Anza na hili, kwa nini iwe ghafla tu? Injini ya petroli ikitembea kawaida inataka gramu 14.7 za hewa kwa gramu moja ya mafuta, ikitaka nguvu unaipa mafuta zaidi kidogo, kwenye 12 na nusu mpaka 13. Sasa ukifungua throto (mlango wa hewa ya injini) kwa mkupuo hewa inawahi, mafuta yanachelewa. Yale yanayotoka kwenye nozeli hayaingii yote kwenye silinda saa hiyo hiyo, mengine yanabaki yamelowanisha kuta za manifoldi (mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda) na mgongo wa valvu, sawa na ukimwaga maji kidogo kwenye sinia kavu na kuinamisha, ya kwanza hayafiki ukingoni, yanaishia kulowesha sinia. Ukiwa sailensa mle ndani kuna vakyumu kubwa (hewa imebaki kidogo), ule ulowevu unakuwa mvuke haraka. Ukikanyaga vakyumu inakufa, mafuta yanang'ang'ania ukutani, silinda inapata hewa nyingi na mafuta kiduchu. Kwa hiyo kontroboksi (kompyuta ya injini) ikiona throto imefunguka kwa haraka inaongeza dozi kwa muda mfupi kufidia. Kwenye kabureta za zamani kazi hiyo ilikuwa ya kile kipampu kidogo kinachochirizisha mafuta kooni ukivuta kamba, ukichungulia unakiona kwa macho. Ukiachia mguu inakuwa kinyume, vakyumu inarudi, kuta zinakauka kwa pamoja, mchanganyiko unakuwa mzito, na ndo sababu mojawapo kompyuta inafunga nozeli kabisa ukiwa unateremka mlima na mguu hauko kwenye mafuta.

Ukielewa hapo unaona kwamba sekunde ile moja ni maisha tofauti kabisa na sailensa. Gari inaweza kuwa na afya njema imesimama gereji na ikawa mgonjwa kwa hiyo sekunde peke yake.

Ule mlio "puh" mbele ndo unaniambia mengi. Mchanganyiko ukiwa mwembamba unaungua polepole, valvu ya kuingizia inafunguka moto bado haujaisha, injini inapiga chafya kupitia ea klina. Ingekuwa mafuta yamezidi ungeona moshi mweusi nyuma na harufu ya petroli, na plagi zingekuwa na masizi. Zile plagi ulizotoa zilikuwa rangi gani?

Kuhusu pampu, pampu iliyochoka itakusaliti zaidi kwenye mlima mrefu mguu chini, injini inaomba mafuta mengi kwa muda, haiwezi kukuzingua sekunde moja alafu ikakupa 120. Kuhusu koili simpingi kibajaji, hoja ya oksijeni ni kweli kabisa, ila koili inagonga gonga, tuk tuk tuk, na inaendelea kugonga mzigo ukiendelea. Ya kwako ni zubao moja tu alafu inanyooka.

Tafuta fundi mwenye mashine inayoonyesha namba wakati gari inawaka, si ya kusoma kodi tu. Vile vya bluetooth vya elfu ishirini magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo vinagoma kuunganisha, usishangae. Niletee: fyuli trimu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) kwenye sailensa na kwenye mizunguko 2500, gramu za hewa kwenye sailensa injini ikiwa ya moto, presha ya mafuta kwa geji, na volti za oksijeni sensa ya mbele ukiwa P (gia ya kuegesha) unakanyaga ghafla mara tatu nne.

baba_wawili

Mkuu spana asante sana, hii darasa tosha. Plagi zilikuwa kahawia mbili, mbili zinaelekea weupe. Kesho natafuta hiyo mashine.

spana_kumi

Mimi ni mama mtu mzima bwana, ila mkuu naipokea.

baba_wawili

Samahani sana mama! Shikamoo.

spana_kumi

Marahaba. Lete namba.

pikipiki_mwanza

Naomba kudandia. Boksa yangu nikivuta mafuta kwa nguvu inafanya hivo hivo, inabanwa inakohoa alafu ndo inatoka, haina kompyuta wala sensa, hapo napimaje?

spana_kumi

Wewe una kipimo cha bure mkononi. Ikiwa ya moto vuta choki nusu alafu vuta mafuta kwa nguvu. Kukohoa kukipungua, mafuta yalikuwa hayatoshi, anza na jeti ndogo imeziba au hewa inaingia kwenye ule mpira unaounganisha kabureta na injini, nyunyizia maji ya sabuni pale sailensa ikiwa juu kidogo usikilize kama mlio unabadilika. Ikizidi kuwa mbaya, mafuta yalikuwa mengi, angalia sindano na usawa wa floti. Na kama kabureta yako ni ile yenye diaframu juu, fungua mfuniko uishike ule mpira mwembamba kwenye mwanga wa jua, tundu la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kuleta shida hiyo maana pistoni ya ndani inachelewa kunyanyuka.

baba_wawili (Jumanne, saa 1 usiku)

Nimerudi, na sina raha. Fundi wa mashine kapima kila kitu, kaniambia gari yako nzima mzee, nenda nyumbani. Namba hizi:

Trimu sailensa +3, kwenye 2500 +5. Hewa sailensa gramu 2.3 kwa sekunde. Presha ya mafuta pauni 46. Oksijeni sensa nikiwa P nikikanyaga ghafla inashuka 0.1 kidogo sana alafu inaruka 0.85, nikiachia inalala chini. Kodi hakuna. Na kinachoniuma zaidi hapo gereji nikikanyaga nikiwa P haizubai hata kidogo, inaitika kama mpya! Nimetoka getini tu, nimekanyaga kuingia barabarani, puh.

kibajaji_og

Hapo sasa.

mti_mkavu

IST

spana_kumi

Hizo namba ni nzuri kweli, fundi wako hajakudanganya. Presha ya 1ZZ inatakiwa iwe kati ya 44 na 50. Trimu chini ya 10 sina neno nayo. Kama ungekuwa na hewa ya wizi inayoingia muda wote, tuseme gasketi ya manifoldi, ambayo injini hizi zinajulikana kwa ugonjwa huo hasa asubuhi ikiwa baridi, trimu ya sailensa ingekuwa juu, 15, 20, alafu kwenye 2500 ingeshuka. Sensa ya hewa ingekuwa chafu ingesoma pungufu kadiri hewa inavyoongezeka, trimu ingepanda na mizunguko. Hakuna hata kimoja. Na sensa ya oksijeni inaruka vizuri tu, hiyo laki na nusu imeokoka.

Ila umeniambia jambo kubwa kuliko namba zote: ukiwa P haizubai. Tofauti ya P na barabarani ni nini? Mafuta ni yale yale, koili zile zile, nozeli zile zile. Ukiwa P injini haina cha kusukuma. Ukiwa D (gia ya kwenda mbele) injini inasukuma magurudumu na yenyewe inasukumwa nyuma, inalala kuelekea ukuta wa dashibodi.

Fanya hivi, na uwe na eneo wazi, asikae mtu mbele wala nyuma ya gari. Kanyaga breki ya mguu kwa nguvu zote, vuta na hendibreki, weka D, kanyaga mafuta kwa ghafla kidogo tu kisha achia. Usizidishe sekunde tatu nne, oili ya giaboksi inachemka. Alafu ipumzike dakika moja, weka R (rivasi), fanya vile vile. Uniambie kama D na R zinafanana.

kibajaji_og

Mama nimeshaona unakoelekea na nimevua kofia.

baba_wawili (Jumanne, saa 3 usiku)

Jamani. Nimefanya hapa uani, majirani wanadhani nimechanganyikiwa. D inazubaa na kutoa puh kila mara. R haizubai! Nimerudia mara tatu, R inaitika safi kabisa. Hii ni uchawi au nini?

spana_kumi

Si uchawi. Ukiwa R injini inalala upande wa mbele. Kuna kitu kimefungwa upande mmoja kwenye bodi na upande mwingine kwenye injini, na injini ikilala nyuma kitu hicho kinavutwa. Fungua boneti, tafuta lile bomba nene la mpira lenye mikunjo kama ya akodioni, linatoka kwenye boksi la ea klina linaingia kwenye throto. Usiliangalie kwa juu, kwa juu litakuwa zuri. Lifungue klempu zote mbili, litoe, lishike kwa mikono miwili ulivute na kulipinda upande wa chini ndani ya ile mikunjo. Tumia tochi.

Sensa ya hewa iko kabla ya bomba hilo, kwenye mfuniko wa ea klina. Hewa yoyote inayoingia baada ya sensa haijahesabiwa, kontroboksi inatoa mafuta ya hewa iliyoiona tu. Ufa ukiwa umefumba hakuna anayejua, mashine itakuambia gari nzima.

Na ukimaliza angalia maunting za injini (mipira inayoishikilia kwenye bodi).

msa_xtrail

Hii kitu nimepitia huku Mombasa na X-Trail T30, makanika alinizungusha miezi miwili. Ile hozi yake ni ndefu na joto la huku unalijua, mpira unakauka unakuwa kama biskuti. Mimi yangu ilikuwa inazima kabisa nikiingia raundabauti nikiwa nimekata kona na kukanyaga. Nikifika kwa makanika iko sawa. Nilikuwa naonekana muongo.

baba_wawili (Jumatano, saa 5 asubuhi)

NIMEUONA!!

Nimeomba ruhusa kazini nusu siku. Nimelitoa bomba, kwa juu linang'aa kama jipya kabisa maana waliopaka dawa nyeusi ya kung'arisha injini walilipaka na lenyewe. Nikalipinda kama mama alivyosema, mkunjo wa pili kutoka upande wa throto, kwa chini, kuna mpasuko urefu wa kidole changu cha kati. Ukiliachia unafumba kabisa, huwezi kuuona hata ukiambiwa upo hapo, kidole kikipita juu yake hakisikii kitu. Ukilivuta unafunguka kama mdomo wa samaki. Nimekaa pale chini nimelifumbua na kulifumba kama dakika tano hivi nacheka peke yangu.

Kwa sasa nimelisafisha kwa petroli, nikapaka sololisheni na kiraka, juu yake nikazungushia mpira wa tyubu la baiskeli na waya mwembamba. Nimetoka nao barabarani, nimekanyaga pale pale Kwa Msuguri. Hakuna puh. Gari inaruka mpaka shingo inarudi nyuma.

spana_kumi

Vizuri. Hicho kiraka ni cha siku mbili tatu, ukikiacha kuna siku kipande kitamezwa na throto. Na maunting je?

baba_wawili

Ya nyuma mpira umekatika, chuma inagusa chuma. Nilikuwa nasikia kale kamtikisiko nikiweka D nikadhani ndo uzee.

spana_kumi

Ndiyo iliyopasua bomba. Injini ilikuwa inayumba kupita kiasi na bomba ndo likageuka kamba ya kuizuia. Ukibadili bomba ukaacha maunting utarudi hapa baada ya miezi sita na swali lile lile.

kibajaji_og

Mama swali dogo, kwa nini kodi haikuwaka? Mchanganyiko mwembamba si una kodi yake, P0171.

spana_kumi

Hiyo inahitaji trimu ikae juu kwa muda, kompyuta iwe imeongeza mafuta mpaka inafika mwisho wa uwezo wake na bado haitoshi. Hapa ufa unafunguka sekunde moja unafumba, kompyuta haijawahi hata kuanza kulalamika. Ndo maana nikimwona fundi anachomeka mashine, anaona hakuna kodi, anasema gari nzima, bila kuuliza dereva "inafanya lini, ukiwa unafanya nini", napata homa. Mimi nikiletewa gari ya hivi nakaa kiti cha abiria kwanza, mwenyewe aendeshe anionyeshe.

pikipiki_mwanza

Mrejesho wa boksa: choki nusu ikatulia. Ule mpira wa kabureta umepasuka kwenye klempu, sabuni ilinywewa pale pale. Nimepata mwingine, sasa hivi niko na abiria nasubiri ashuke dukani naandika. Ubarikiwe mama.

baba_wawili (Ijumaa, saa 12 jioni)

Nimefunga mzigo wakuu. Bomba la kukata (la mtumba) nimepata Gerezani elfu 25, nimelipinda mbele ya muuzaji mara kumi mpaka akaniuliza kama nanunua bomba au nafanya mazoezi. Maunting mpya elfu 60. Fundi kazi elfu 15. D na R sasa zinafanana, ule mtikisiko haupo, na mama watoto leo kapanda kiti cha mbele.

Nina koili moja ya 1ZZ na pampu moja ya mafuta zilizotolewa kwenye gari hii, zote nzima kabisa kama mlivyosoma. Mwenye uhitaji anicheki inboksi, tutaelewana.

mti_mkavu

Pampu inaingia kwenye IST?